Neno Lililofuta Picha: Lugha ya Menyu za Kamera na Wajibu wa Wanaistilahi wa Kiswahili



1. Utangulizi

Nilipomtajia mwenzangu mmoja mada yangu, aliniuliza kwa mshangao kamera imeingiaje katika mhadhara wa taaluma za Kiswahili. Swali lake lilikuwa la haki. Kamera ni shughuli ya wahandisi wa macho na wa umeme. Sisi ni watu wa sarufi, fasihi na kamusi. Jibu nililompa ndilo nitakalolifafanua hapa. Kamera ya siku hizi imekuwa kitu cha kusomwa kabla ya kuwa kitu cha kupigia picha. Mwenye kuishika hukutana na orodha ndefu ya maneno, herufi na alama, na asipoyaelewa, picha haipatikani. Palipo na maneno yasiyoeleweka, mwanaisimu hana udhuru wa kukaa kando.

Hoja yangu ni moja, nami ninaomba muishike tangu mwanzo. Malalamiko tunayoyasikia kuhusu ugumu wa kamera za dijitali kwa sehemu kubwa ni malalamiko kuhusu lugha. Menyu za vyombo hivi huyataja mambo kama yanavyoonekana na aliyeiunda mashine, wala si kama yanavyoonekana na anayeitumia. Kiswahili kina nyenzo za kuyataja kwa upande wa mtumiaji, na kwa miaka mingi kimefanya hivyo katika fani hiyohiyo ya picha. Tukizitafsiri menyu hizo neno kwa neno, tutakuwa tumeuhamisha utata na kuuvika kanzu ya Kiswahili.

2. Kisa cha mswada

Sikuifikia hoja hii kwa kusoma vitabu. Niliifikia kwa hasara, na hasara yenyewe haikuwa yangu peke yangu.

Mwaka 2008 nilikuwa katika kisiwa kimoja cha funguvisiwa la Lamu nikitafuta miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Kazi ya namna hiyo ina historia yake. Katika miaka ya 1960, J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada, na orodha ya ile iliyohifadhiwa katika maktaba ya Chuo cha Dar es Salaam ilichapishwa mwaka 1970. Sisi tuliokuja baadaye hatukuhitaji tena kuondoka na karatasi za watu. Kamera ilitosha kuchukua sura ya ukurasa na kuuacha ukurasa wenyewe kwa mwenyewe.

Bibi mmoja alinikubalia kupiga picha mswada uliokuwa katika sanduku la marehemu mama yake. Aliuita chuo, kwa maana ya zamani ya kitabu, maana ambayo wengi wetu tumeisahau japo kila siku tunapita chini ya lango lililoandikwa Chuo Kikuu. Chuo chake kilikuwa na kurasa 54. Karatasi zilikuwa zimeanza kumong'onyoka pembeni, na wino ulikuwa umepauka kwa unyevu. Aliniambia, “Mwanangu, haya maneno ni amana. Ukiyachukua, yachukue yote.” Nikamjibu, “Nitayachukua yote, Bibi.”

Kwa siku mbili nilipiga kurasa 42. Asubuhi ya siku ya tatu niliona kwamba kurasa zilizobaki zilikuwa zimefifia kuliko zile za mwanzo, nikataka kamera ihifadhi picha hizo katika aina ya faili yenye taarifa nyingi zaidi. Nikafungua menyu. Nilichokuwa nikikitafuta mimi nilikiita fomati ya faili, kama ninavyokiita mbele ya kompyuta. Chini ya alama ya spana, jirani na tarehe na lugha, nikalikuta neno hilohilo: fomati. Nikalichagua. Kamera ikaniuliza kama nilikuwa tayari kupoteza data. Kwangu mimi picha zilikuwa picha. Data nilidhani ni zile tarakimu za mipangilio. Nikakubali. Kisha nikaendelea kupiga kurasa 12 za mwisho kwa utulivu kabisa, nikamshukuru Bibi, na alfajiri ya pili nikapanda mashua.

Nilikuja kuigundua hasara nikiwa Mombasa, mbele ya kompyuta. Kadi ilikuwa na picha 12 tu. Fedha za utafiti zilikuwa zimekwisha. Niliporudi kisiwani baada ya miezi 14, Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na sanduku lilikuwa limevujiwa na mvua za masika. Hakikubaki chuo, ila gamba lake. Kwa hiyo katika kumbukumbu zangu za utafiti upo utenzi wenye mwisho bila mwanzo. Watunzi wa tenzi aghalabu hujitaja mwishoni, na mtunzi huyu alijitaja. Tunalijua jina lake, lakini hatuyajui aliyoyasema.

Baadaye nilijifunza jambo lililoniumiza zaidi. Kadi ya kumbukumbu inapofomatiwa, mara nyingi kinachoandikwa upya ni orodha ya faili tu. Picha zenyewe huendelea kuwapo mpaka picha nyingine ziandikwe juu yake. Laiti ningeliiondoa kadi palepale, huenda programu ya kurejesha faili ingeliziokoa. Mimi nilikuwa nimeendelea kupiga.

3. Kutoka matendo matatu hadi kurasa za menyu

Inafaa tuulize namna tulivyofika hapa. Kamera ya kwanza iliyobeba jina la Kodak iliuzwa na George Eastman mwaka 1888. Ilikuja na filamu ya picha 100 ndani yake, na mwenye nayo alihitaji matendo matatu: avute uzi, azungushe ufunguo, abonyeze kitufe. Filamu ilipokwisha, kamera nzima ilirudishwa kiwandani, picha zikasafishwa huko. Ugumu ulikuwapo, lakini ulibebwa na kiwanda.

Mwaka 1975 mhandisi wa kampuni hiyohiyo, Steven Sasson, aliunda kamera ya majaribio isiyotumia filamu. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na iliichukua mashine sekunde 23 kuiandika katika kaseti. Kutokana na jaribio la aina hiyo ndipo kikatoka chombo ambacho ni kamera na kompyuta kwa pamoja. Kazi ya kusafisha picha, ambayo zamani ilikuwa ya fundi katika chumba cha giza, sasa ikaingizwa ndani ya mashine. Na maamuzi ya yule fundi yakawa vipengele vya menyu mbele ya macho ya mnunuzi. Rangi iwe na joto kiasi gani? Kelele za picha ziondolewe kiasi gani? Nukta ipi ya sura itazamwe kwanza? Kila toleo jipya liliongeza maswali, na maswali ya zamani hayakuondolewa. Kuongeza mstari katika menyu hakumgharimu mtengenezaji chuma wala kioo, na kwa hiyo hakikuwapo kizuizi cha kumfanya ajiulize kama mstari huo unahitajika.

Watengenezaji wenyewe wameonyesha kwamba wanalitambua tatizo. Fujifilm X100 iliyoingia sokoni mwaka 2011, na Nikon Df ya mwaka 2013, zilirudisha magurudumu yaliyochongwa tarakimu juu ya kamera, ili mpiga picha aone kwa jicho moja mahali alipo bila kufungua menyu. Leica M-D ya mwaka 2016 iliondoa kabisa kioo cha nyuma. Wakati huohuo wanunuzi wengi walishaondoka. Kwa takwimu za chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, kamera za dijitali zilizosafirishwa kwenda sokoni mwaka 2010 zilizidi milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Sababu kuu ni simu, iliyokwishakuwa mfukoni na inayotuma picha papo hapo. Lakini tusipuuze kwamba simu pia humwonyesha mtumiaji kitufe kimoja kikubwa, na mengine huyaficha mpaka yaombwe.

4. Herufi moja, maana tatu

Sasa tuitazame menyu kama matini, kama tunavyolitazama shairi au mkataba.

Jambo la kwanza tunaloliona ni polisemia isiyodhibitiwa. Chukueni herufi M. Juu ya gurudumu la kamera nyingi, M maana yake ni kwamba mpiga picha ataamua kila kitu kwa mkono wake. Katika orodha ya ukubwa wa picha, M hiyohiyo ni ukubwa wa kati. Kando ya lenzi, ikiambatana na F, inahusu kulenga kwa mkono. Herufi S nayo ni ukubwa mdogo katika orodha moja, ni kupiga picha mojamoja katika orodha nyingine, na katika kamera za Nikon ni hali ambayo mtumiaji huchagua muda wa mwanga na kuiachia kamera yaliyobaki. Ukihamia Canon, hali hiyo haiitwi S bali Tv. Mwanafunzi aliyejifunza kwa chombo kimoja anapoazima cha mwenzake, huwa kama mtu aliyefika mji ambao majina ya mitaa yamebadilishwa usiku.

Jambo la pili ni tarakimu zinazokwenda kinyume na matarajio. Ukubwa wa tundu la lenzi huandikwa kwa mfululizo huu: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu. Tarakimu hizi ni matokeo ya kugawanya urefu wa fokasi ya lenzi kwa kipenyo cha tundu. Kwa hiyo lenzi ya milimita 50 ikiwa katika 2 ina tundu la milimita 25, na ikiwa katika 16 ina tundu la milimita 3 hivi. Tarakimu inapopanda, tundu hupungua. Kwa mhandisi hilo ni hesabu sahihi. Kwa anayejifunza ni kitendawili, maana hajaambiwa kwamba anachokisoma ni mgao.

Jambo la tatu ni alama zisizosema kinachoongezwa. Kamera nyingi zina kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Fikirini harusi ya pwani, mabwana wamejipanga kwa kanzu nyeupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kinachokitazama ni rangi ya wastani, wala si nyeupe. Kwa dhana hiyo hukipunguza mwanga, kanzu zikatoka kijivu na nyuso za watu zikazama katika giza. Dawa yake ni kugeuza kitufe hicho upande wa kujumlisha. Lakini kujumlisha nini? Mwanga, muda, au tundu? Kama pangeandikwa “Picha iwe angavu zaidi”, mpiga picha wa harusi asingehitaji mwalimu.

5. Kiingereza kinaruhusu, Kiswahili kinadai

Hapa tunafikia kiini cha mhadhara huu. Menyu nyingi ziliandikwa kwanza kwa Kijapani au kwa Kiingereza, na zinatufikia sisi kwa Kiingereza. Katika Kiingereza, neno moja lisilo na kiambishi chochote laweza kuwa nomino na laweza kuwa kitenzi. Neno lililoniangamiza mimi ni la aina hiyo. Kama nomino, ni muundo au mpangilio wa kitu. Kama kitenzi, ni kuandaa kadi upya, na kwa mtumiaji hilo maana yake ni kupoteza kilichokuwamo. Nami nilikutana na kitenzi nikakisoma kama nomino. Ajabu iliyoje, kile nilichokitaka hasa, yaani aina ya faili, katika kamera nyingi kimewekwa chini ya kichwa cha ubora wa picha. Anayeitafuta fomati haikuti kwa jina lake, na anayelikuta jina lake hukutana na ufutaji.

Kiswahili hakimruhusu mwandishi kukwepa namna hii. Mofolojia yetu inadai tuseme. Tukitaka tendo, tunasema futa. Tukitaka jina la tendo, tunasema kufuta au ufutaji. Tukitaka tokeo, tunasema imefutwa. Tukitaka uwezekano, tunasema inafutika au haifutiki. Hali kadhalika kwa maneno ya kuwasha na kuzima. Katika menyu nyingi, neno linaloonyesha kwamba kitu kinafanya kazi halionyeshi kama ndivyo kilivyo sasa au ndivyo kitakavyokuwa ukibonyeza. Kiswahili kinatofautisha imewashwa na washa kwa namna ambayo hata mtoto haikosei. Kauli ya kutendwa, kauli ya kutendeka na hali timilifu, mambo tunayowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ni vyombo vya kumwokoa mtu na hasara.

Lakini nyenzo haimfai asiyeitumia. Kisawe kimojawapo cha fomati katika programu zilizotafsiriwa ni umbizo, na kitenzi chake ni umbiza. Kwa upande wa uundaji wa maneno, halina kosa: limetoka katika mzizi wa Kibantu, linanyambulika, linatamkika. Hata hivyo, lifikirieni likiwa mbele ya mtu mwenye kadi iliyojaa picha za harusi ya bintiye. Umba ni kuleta kitu kisichokuwapo. Tunamwambia aumbize, naye anaangamiza. Tumeipata sarufi na tumempoteza mtu.

6. Msamiati wa studio

Tungeweza kufanya vipi vingine? Jibu liko karibu zaidi kuliko tunavyodhani. Kiswahili hakikuanza jana kuzungumzia picha. Capital Art Studio ya Unguja, kwa mfano, ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na studio za namna hiyo zilienea katika miji ya pwani na ya bara. Waliozifanyia kazi na waliokwenda kupigwa picha walihitaji maneno, nao hawakusubiri kamati.

Walisema kupiga picha. Kitenzi piga kilikuwa kimekwishazoea kubeba matendo ya vyombo: kupiga pasi, kupiga chapa, kupiga simu. Katika maungano hayo msemaji hulitaja tendo lake na tokeo lake. Ya ndani ya chombo humwachia fundi. Walisema kusafisha picha, wala hawakutaja kemikali yoyote. Walichokiona ni karatasi iliyotoka ikiwa na sura safi. Walisema filamu imeungua, pale mwanga ulipoingia mahali usipotakiwa. Aliyesikia maneno hayo alijua mara moja kwamba hasara imetokea, kwamba haiponi, na kwamba inahusu ukali wa kitu kama moto. Neno ungua lilibeba onyo ndani yake. Fomati haina onyo. Umbiza lina bishara njema.

Huo ndio utaratibu ninaouita kutaja kwa tokeo. Nasi tunao hata katika teknolojia za karibuni. Simu ya mkononi ni jina lililotolewa na aliyeishika. Barua pepe ni jina la mtu aliyeipokea, akastaajabu kwamba imefika bila mjumbe. Majina haya yameshika mizizi, ilhali mengine mengi yaliyobuniwa kwa ustadi mkubwa zaidi yamebaki katika vijitabu.

7. Hoja za upande wa pili

Haitakuwa haki nikiyapita maoni ya wanaopinga. Wapo wataalamu wasemao kwamba istilahi ni ya wataalamu, na kwamba usahihi usitolewe kafara kwa ajili ya wepesi. Mhandisi ataniambia kwamba kufomati si kufuta, na kama nilivyokwishaeleza, atakuwa amesema kweli: kinachofanyika ni kuandikwa upya kwa orodha. Ninamkubalia. Lakini ukweli wake ni ukweli wa ndani ya kadi. Ukweli wa Bibi na wangu ulikuwa kwamba kurasa 42 zilikuwapo saa tatu asubuhi na saa tatu na dakika moja hazikuwapo. Menyu inazungumza na nani? Ikiwa inazungumza na mhandisi, na ibaki ilivyo. Ikiwa inazungumza na mwenye kamera, basi usahihi wake upimwe kwa kile atakachokitarajia baada ya kubonyeza.

Wapo pia wasemao kwamba mpiga picha mzoefu amekwishazijua herufi na tarakimu hizi, na kwamba zikibadilishwa atachanganyikiwa. Hoja hii ina uzito. Mfululizo wa tundu ni lugha ya dunia nzima, na sipendekezi tuufute. Ninachopendekeza ni kwamba tarakimu isiachwe peke yake. Pangeweza kuandikwa “tundu pana” upande mmoja na “tundu jembamba” upande wa pili, tarakimu zikabaki katikati, na hakuna ambaye angepungukiwa.

Wa tatu watasema kwamba watengenezaji wako mbali nasi, na kwamba sauti ya mhadhiri wa Kiswahili haifiki viwandani. Kwa kamera kubwa huenda ikawa hivyo. Mimi binafsi sijawahi kushika iliyo na menyu ya Kiswahili. Lakini simu nyingi zinazotumia mfumo wa Android zina menyu za Kiswahili, na ndani yake imo kamera. Aidha, tangu mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, tumejua kwamba kazi hii yaweza kufanywa hapa kwetu. Anayetafsiri menyu za simu leo ni Mswahili mwenzetu, na huenda alikaa katika viti hivyo mlivyokalia.

8. Mapendekezo

Kutokana na hayo, ninatoa mapendekezo manne kwa wanaistilahi, kwa watafsiri na kwa vyombo vyetu vya lugha, hususan BAKITA, iliyoundwa mwaka 1967, na taasisi za uchunguzi wa Kiswahili.

Kwanza, jina la amri litaje tokeo litakaloonekana na mtumiaji. Badala ya umbiza kadi, pasemwe “Futa kadi yote”. Badala ya msawazo wa weupe, ambao ni tafsiri ya neno kwa neno isiyomwambia mtu lolote, pasemwe “Aina ya mwanga”, kisha chini yake jua, kivuli, mawingu, taa. Badala ya umbizo la faili, “Aina ya faili” inatosha, na iwekwe chini ya jina hilo, isifichwe chini ya ubora.

Pili, neno moja lifanye kazi moja katika chombo kimoja. Kamusi huruhusu neno liwe na maana nyingi kwa sababu muktadha humsaidia msomaji. Menyu haina muktadha. Ina mstari mmoja na kidole kilichokwishanyanyuliwa.

Tatu, amri ziwe vitenzi na hali ziwe hali. Tukiandika futa, linda, tuma na washa kwa matendo, na imefutwa, imelindwa, imetumwa na imewashwa kwa hali, tutakuwa tumetumia utajiri ambao lugha ya chanzo haina.

Nne, pendekezo lolote la istilahi lipelekwe kwanza kwa wanaofanya kazi hiyo. Mtafsiri achukue orodha yake aende kwa mpiga picha wa harusi wa Kariakoo au wa Mji wa Kale wa Mombasa, amsomee neno, amuulize: ukilibonyeza hili, unatarajia nini kitokee? Jibu likitofautiana na kinachotokea, neno limeanguka, hata liwe zuri namna gani kimofolojia.

Kwa wanafunzi nina ombi la ziada. Mafundi wa studio za filamu wanazeeka na wengine wamekwishaondoka. Msamiati wao wa kusafisha, kukuza, kuchanganya dawa na kupanga taa haujakusanywa ipasavyo. Anayetafuta mada ya tasnifu asiende mbali.

9. Hitimisho

Nimesema kwamba ugumu wa kamera za dijitali kwa sehemu kubwa ni ugumu wa lugha, kwamba menyu zake zimesemwa kutoka ndani ya mashine, na kwamba Kiswahili kina desturi na sarufi ya kuzisema kutoka nje, mahali alipo mtumiaji. Sikusema kwamba kosa la mwaka 2008 halikuwa langu. Nilipaswa kuhifadhi nakala kila jioni, na tangu hapo kila jioni ninahifadhi, na kila mwanafunzi ninayemsimamia humtaka afanye hivyo. Lakini kosa la mtu mmoja likirudiwa na watu wengi mahali palepale, mbele ya neno lilelile, basi neno nalo lihojiwe.

Bibi alinikabidhi amana yake kwa maneno ambayo hayakuwa na utata: ukiyachukua, yachukue yote. Nilirudi na chini ya robo, nami sikupata nafasi ya kumweleza kilichotokea. Sijui ningelimweleza kwa maneno gani. Ningelisema nimefomati, asingelielewa. Ningelisema nimeumbiza, angelidhani nimetengeneza kitu. Ningelilazimika kusema, “Bibi, nimeyafuta,” na hapo angelielewa mara moja. Neno hilo ndilo lililopaswa kuwamo katika ile menyu.